Ndege ya Nyaya Mbili: Niliyowaambia Wazazi na Vijana wa Nakuru

Wengi mmenipigia simu kuuliza Jumamosi nilisema nini kuhusu ndege ndogo za kujijengea kwa mbao, maana mvua iliwazuia. Haya hapa. Nimeyaandika jinsi nilivyoyasema, isipokuwa picha za ukutani nimeziacha, pamoja na makofi ambayo watoto walikuwa wakipiga hata nilipokohoa.

Wazee wangu, akina mama, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa chini kwa kukosa viti: hamjambo?

Nianze na swali. Nani humu ndani, alipokuwa mdogo, hakuwahi kumfunga mbawakawa uzi mguuni? Mbona mikono imejificha? Mzee pale mbele anacheka, basi huyo ameshakiri. Tulimfunga uzi, tukamrusha, naye akazunguka juu ya vichwa vyetu akinguruma. Na mnakumbuka jambo moja? Ungeweza kufumba macho na bado ukajua yuko wapi, kwa sababu ulimsikia kwenye kidole. Akichoka, uzi unalegea. Akipata nguvu, uzi unakaza.

Shikeni hilo la kidole. Nitalirudia.

Ndege niliyowaletea leo haina rimoti. Haina kompyuta. Ina nyaya mbili nyembamba za chuma na mpini mmoja. Wewe unasimama katikati ya uwanja na ndege inakuzunguka. Ukiuinamisha mpini nyuma, waya wa juu unavutwa. Waya huo umefika hadi kwenye kipande cha pembetatu kilichofungwa kwenye bawa, ambacho wenye mchezo huu hukiita belikranki. Kipande kinageuka, kinasukuma kijiti cha chuma, kijiti kinainua kile kibawa cha mkiani, na ndege inapanda. Ukiuinamisha mpini mbele, inashuka. Basi. Mambo ya kulia na kushoto nyaya zimeshayamaliza.

Mchezo wenyewe si wa jana. Mwaka 1940 Mmarekani aitwaye Jim Walker, wa mji wa Portland katika jimbo la Oregon, alianza kuuza ndege ya aina hii akaiita Fireball, na akajipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu. Baadaye hataza hiyo ikafikishwa kortini, ikabainika kwamba mtu mwingine wa Oregon hukohuko, Oba St. Clair, alikuwa amerusha ndege ya nyaya kabla yake. Mafundi wa jua kali mnaocheka hapo nyuma, naona hadithi hii mnaijua vizuri: mmoja anabuni, mwingine anauza.

Sasa niingie kwenye jambo lililonileta. Uzito. Nikiondoka hapa na mkasahau kila kitu, msisahau uzito.

Nilipokuwa mwalimu kijana wa useremala kule Kisumu, nilijenga ndege yangu ya kwanza. Sikuwa na balsa, ile mbao nyepesi ya kujengea ndege. Hata jina lake sikulijua. Nilichukua plaiwudi na saipresi, nikapiga randa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara tatu. Ilikuwa nzuri kama kabati la bibi harusi. Na ilikuwa nzito kama kabati la bibi harusi. Kule Kisumu ilijikokota, ikainuka mpaka usawa wa kiuno, ikazunguka mara nne ikashuka. Nilifurahi kama nimefika mwezini.

Kisha nikapewa uhamisho kuja hapa Nakuru. Nikaja na ndege yangu. Wanafunzi wakajaa uwanjani. Nikawasha injini. Ikanguruma, ikakimbia, ikazunguka chini, ikazunguka chini, ikazunguka chini. Haikuinuka hata kidogo. Ilizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na watoto wakaipa jina hilohilo: Mbuzi. Hadi leo nikikutana na waliokuwa wanafunzi wangu sokoni wananiuliza, “Mwalimu, Mbuzi yuko wapi?”

Kilichobadilika ni nini? Ndege ileile, injini ileile, mafuta yaleyale, mwalimu yuleyule. Kilichobadilika ni hewa. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko kama mita 1,850. Ukipanda hivyo, hewa inapungua uzito. Kisumu ina karibu asilimia 90 ya uzito wa hewa ya pwani, nasi hapa tuna kama asilimia 83. Hewa ikiwa nyepesi, injini inapata pumzi kidogo, rafadha, yale mapanga yanayozunguka puani, inashika kidogo, na bawa linabeba kidogo. Mtu wa Mombasa anaweza kusamehewa gramu 20. Mtu wa Nakuru hasamehewi.

Ndipo nikatafuta balsa. Nilizunguka timbayadi za mji huu nikiuliza, nikaonyeshwa saipresi, nikaonyeshwa msonobari, nikaonyeshwa na mlango. Mwishowe balsa yangu ya kwanza ilifika ndani ya sanduku la shemeji aliyekuwa akirudi kutoka ng'ambo, imefungwa katikati ya suruali.

Mti wenyewe unatoka Amerika ya Kati na Kusini, na nchi inayouza zaidi duniani ni Ekuado. Unakua upesi ajabu: mti wa miaka sita mpaka kumi uko tayari kukatwa. Neno balsa kwa Kihispania maana yake ni chelezo, kwa sababu watu wa huko waliufungia vyelezo tangu kale. Na msidhani sisi hatuna ndugu zake. Wataalamu wa mimea wanauweka ukoo mmoja na mbuyu na msufi, na tunda lake likipasuka linatoa sufi kama ya mto wa kulalia. Kule Baringo, Wanjemps wana mti wao mwepesi, ambachi, unaoota majini, na wanauunganisha kuwa vihori vya kuvulia samaki. Kwa hivyo mtu wa Baringo na mtu wa Ekuado walifikiri fikra moja, wala hawajawahi kuandikiana barua. Vijana, ambachi hiyo mimi sijaijaribu kwenye bawa. Atakayeijaribu aje anionyeshe.

Lakini balsa nayo ina hila yake, na mafundi nisikilizeni hapa. Vipande viwili vinaweza kufanana rangi, kufanana upana, kufanana urefu, na kimoja kikawa na uzito mara mbili ya mwenzake. Chukua ubao wa urefu wa mita moja, upana sentimita 10, unene milimita 2. Ukiwa mwepesi utakuwa na gramu 20. Wa kawaida, gramu 32. Mzito, gramu 40. Jicho halitakuambia. Mzani ndio utakaokuambia. Mimi nilichukua mzani mdogo wa jikoni, ule mke wangu anaopimia hamira. Ulikaa karakana wiki mbili. Mandazi ya wiki hizo mbili sitayasimulia hapa, maana mwenyewe amekaa mstari wa tatu.

Ukishapima, unagawa. Mzito uende palipo na kazi ngumu: ule mwimo wa bawa unaobeba mbavu zote, na pua panapokaa injini. Mwepesi uende mkiani na kwenye ncha za mabawa. Kwa nini mkiani? Kwa sababu gramu moja mkiani itakudai gramu kadhaa za risasi, ile metali nzito, puani ili ndege ikae sawa. Na tazama nyuzi za mbao. Ubao wenye madoadoa yanayong'aa kama magamba ya samaki ni mgumu, haupindi. Huo ni wa mbavu. Ubao wenye mistari mirefu unakunjika vizuri. Huo ni wa kufunika penye mviringo. Mpasuaji mbao yeyote hapa anajua kwamba gogo moja linatoa mbao za tabia tofauti, kutegemea msumeno umepita wapi. Ni lilelile.

Kuna mzazi aliniuliza mlangoni, “Mwalimu, hiki si kitu cha kuchezea watoto?” Mama, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na ndege iitwayo Mosquito. Iliruka mara ya kwanza Novemba 1940, na ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa na mbio kuliko zote vitani. Mwili wake ulikuwa plaiwudi nje, plaiwudi ndani, na katikati balsa. Sehemu zake nyingi zilitengenezwa na maseremala wa viti na makabati. Fundi wa meza. Fundi wa kitanda. Wewe hapo nyuma mwenye vumbi la msasa kwenye nyusi.

Haya, tujenge. Nyumbani unahitaji nini? Meza iliyonyooka, na ikiwa meza yenu imepinda kama yetu, tumia kioo kinene au mlango mzee wa plaiwudi. Wembe mpya. Msasa. Pini za mshonaji. Gundi nyeupe ya seremala, ambayo inashika balsa vizuri mno na haina haraka. Ile ya kukauka papo hapo nayo inafaa, lakini moshi wake unachoma macho, na nimeshawahi kujigandisha kidole kwenye ndege dakika tano kabla ya kwenda kanisani. Magurudumu yanaweza kukaa kwenye spoku ya baiskeli. Kwa anayeanza, mwili uwe bapa, ubao mmoja tu uliosimama kama samaki. Mabawa sentimita 60 kutoka ncha hadi ncha. Yote kwa jumla, pamoja na mota, yasizidi gramu 200.

Mabawa ya mbavu yanafunikwa kwa karatasi laini. Unaipaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, inakauka, inajikaza kama ngozi ya ngoma. Hapo ndipo niliwahi kupata somo. Nilikuwa na harambee Jumapili nikitaka kuirusha mbele ya wageni. Nikapaka upande mmoja wa bawa, nikaliweka juani juu ya bati likauke haraka. Niliporudi, bawa lilikuwa limejisokota kama ganda la ndizi. Karatasi ya juu ilivuta, ya chini haikuwa na la kujibu. Nilikaa kwenye jiwe nikataka kulia. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akichemsha chai. Akasema, “Lete hapa.” Akalishika bawa juu ya mvuke wa sufuria, akalisokota taratibu upande wa pili, akalishikilia mpaka likapoa. Likanyooka! Mama hakuwa amesoma ufundi wa ndege. Alikuwa amesuka vikapu maisha yake yote, akajua kinyuzi kikipata mvuke kinasikia. Tangu siku hiyo napaka pande zote mbili, naligongea pini kwenye ubao, naliacha kivulini usiku kucha.

Mpo? Mpo kweli? Sawa.

Sasa turushe. Tulisema uzi unakaza. Unakaza kiasi gani? Ndege ya gramu 200, kwenye nyaya za mita 9, ikienda kilomita 50 kwa saa, inakuzunguka kila sekunde nne na inavuta mkono wako kwa uzito wa karibu nusu kilo. Ongeza mbio mara mbili, na mvuto hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Ndio maana kabla ya kurusha tunazivuta nyaya kwa nguvu mara kadhaa kuliko zitakavyovutwa angani, na ndio maana mpini una kitanzi kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono. Mpini ukichopoka, una ndege isiyo na mwenyewe.

Na mvuto huo ndio usalama wa ndege. Nyaya zikilegea, mpini unakuwa kijiti tu mkononi. Kwa sababu hiyo tunaizungusha kinyume cha saa, bawa la kushoto likituelekea, na kwenye ncha ya bawa la nje tunabandika uzito kidogo. Mimi nabandika sarafu. Nyaya zina uzito wake na zinavuta bawa la ndani chini, sarafu inasawazisha. Pua ya injini nayo tunaielekeza nje kidogo, ndege iwe kama mtoto anayetaka kuukimbia mkono wa mama yake. Upepo ukiisukuma ikuelekee, uzi utalegea, nawe usisimame ukishangaa. Rudi nyuma! Hatua mbili, hatua tatu, upesi, mpaka kidole kisikie tena. Mmeona? Kidole.

Kizunguzungu je? Kitakupata. Usitazame miti wala watu wanaopita nyuma ya ndege. Itazame ndege yenyewe, ambayo machoni pako imesimama palepale. Ikizidi, kaa chini, ndege ikiisha chaji itatua.

Sasa hadithi ninayoionea haya. Nilikuwa nimejenga ndege ya balsa safi, miezi mitatu ya jioni baada ya kusahihisha madaftari. Nyepesi. Nzuri. Asubuhi hiyo kulikuwa na rafiki anayeishika nyuma tayari kuiachia. Nikakagua mafuta, nikakagua rafadha, nikakagua magurudumu. Nyaya nilizikunjua kwa haraka nikazifunga. Nikamwambia achia. Ikakimbia, ikaruka kidogo, nikaona inainama, nikavuta ipande. Ikainama zaidi. Nikavuta zaidi. Ikajipiga puani kwenye udongo, paap! Vipande vikaruka mpaka miguuni pangu.

Nilikuwa nimezibadilisha nyaya. Ya juu ilikuwa chini, ya chini ilikuwa juu. Kila nilipoiambia panda, niliiambia shuka, tena kwa bidii. Miezi mitatu imekwisha kwa sekunde mbili, na hakuna mtu wa kumlaumu, hata upepo haukuwepo siku hiyo.

Basi, kabla ya kila mruko, kila mruko, hata ukiwa umerusha mara mia: inamisha mpini, mtazame mkia, msemeshane kwa sauti, wewe na aliyeishika. Juu ni juu? Juu ni juu! Chini ni chini? Chini ni chini! Hebu tuseme pamoja. Juu ni juu? Naam. Waliokaa dirishani hawajasema.

Ndege ile niliikusanya kwenye kikapu. Balsa inapovunjika haisagiki, inakatika mahali panapoeleweka, na vipande vinarudiana kama kigae cha mtungi. Wiki mbili za gundi ikaruka tena, ikiwa na kovu puani na uzito wa gramu sita zaidi. Ndiyo hii hapa mezani. Njooni mlishike kovu baadaye, taratibu.

Nimalizie na hatari, na hapa sitacheka.

Ya kwanza ni umeme. Nyaya zetu ni chuma, na wewe umezishika. Ndege ikigusa nyaya za stima, huna nafasi ya pili. Niliwahi kuchagua kiwanja kizuri, nyasi fupi, kando ya barabara, laini ya stima ikipita pembeni nami nikaona iko mbali. Mzee mmoja mchungaji akasimamisha ng'ombe wake akauliza, “Kijana, kamba yako ina urefu gani?” Nikamwambia. Akazihesabu hatua kutoka nilipokuwa mpaka chini ya laini, akanitazama, akaswaga ng'ombe wake akaenda. Hakusema neno. Nilifungasha nikarudi nyumbani. Hesabuni hatua. Na wingu likianza kunguruma, kunja. Sisi tuliotoka magharibi, Kisii, Kakamega, kando ya ziwa, radi hatuhitaji kufundishwa.

Ya pili ni mafuta. Injini ndogo nyingi zinatumia methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Methanoli ni ipi? Ni ileile iliyowaua Wakenya mwaka 2000, ikawaua tena mwaka 2014, walipoinywa ndani ya pombe haramu. Wasiokufa wengine walipofuka. Haitofautiani na maji kwa macho. Isikae kwenye chupa ya soda, hata siku moja, hata dakika moja. Kwa hivyo nawashauri wanaoanza watumie mota ya umeme na betri ya lithiamu, na betri hiyo nayo ichajiwe mtu akiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia. Wazee wa injini watasema nimeua mchezo, kwamba bila harufu ya mbarika iliyoungua si ndege. Harufu naipenda pia. Wajukuu nawapenda zaidi.

Nimeambiwa muda umeisha, na kweli naona mti pale nje umeanza kutikisika. Upepo wa Nakuru ukishazoea hautuachii nafasi. Tutoke sasa, uwanja umeshapimwa hatua, stima haiko karibu. Watu wote wakae nje ya duara la chokaa.

Wewe msichana wa sweta ya kijani, uliyeuliza kama wasichana wanaruhusiwa: njoo mbele. Jivike kitanzi hiki mkononi. Shika mpini hivi, kiwiko kilegee. Usiniangalie mimi, uangalie mkia. Inamisha nyuma.

Juu ni juu?